Mjadala: Je, Corbin alikuwa na haki ya kumdunga Ohan sindano?

Bunilizi za kisayansi zenye matumaini, ambamo wanadamu na viumbe wa sayari nyingine hufanya kazi katika chombo kimoja cha anga, hushutumiwa kwamba hukwepa ugomvi. Siikubali shutuma hiyo, na ushahidi wangu ni riwaya ya The Long Way to a Small, Angry Planet ya Becky Chambers, iliyotoka mwaka 2014 na kuanzisha mfululizo uliopata Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya bunilizi za kisayansi, mwaka 2019. Ambaye hajaisoma ajue kwamba nitagusa mwisho wake.

Sissix, rubani mwenye magamba na manyoya, hapikiki chungu kimoja na Corbin, mwanadamu mkavu anayetunza mwani unaoendesha chombo. Corbin anapogundulika kuwa ni nakala ya kijenetiki (kloni) ya baba yake, jambo lililo haramu kwa waliomkamata, na kutiwa mbaroni, Sissix huyo huyo ndiye anayelazimika kuwa mlezi wake kisheria ili aachiwe, naye anakubali bila ya chuki yao kwisha siku hiyo. Matumaini ya namna hii nayaamini, kwa kuwa yana gharama.

Ila kwa Ohan, mwongoza njia wa chombo hicho, mwandishi ameniangusha. Jamii ya Ohan huambukizwa kirusi kwa ibada. Kirusi hicho huwapa uwezo wa kufahamu anga kwa namna wasiyoijua wengine, kisha huwaua mapema. Ohan hujihesabu kuwa wawili na husema “sisi”. Dawa ipo, anaikataa, na nahodha Ashby, kwa uchungu mkubwa, anauheshimu uamuzi huo. Ndipo Corbin anapomdunga kwa nguvu. Ohan anapona, na kupona kwake kunafanywa kuwa hukumu ya kesi nzima.

Hoja nzito ya wanaomtetea Corbin ni kwamba aliyekataa dawa si Ohan bali kirusi kilichomtawala akili. Naielewa, lakini chombo kile kimejengwa juu ya kumwamini kila mmoja anapojieleza yeye ni nani, na tukiacha kumwamini pale tu imani yake inapotuumiza sisi, basi tulikuwa tunamvumilia, hatukuwa tunamheshimu.

Wanaomtetea Corbin nawaomba wanijibu hili: Shahidi wa Yehova mwenye akili timamu akikataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, mngekubali daktari amwekee kwa siri akiwa usingizini, mradi tu ataamka mzima?