Onyesho langu la kuhitimu: Ijumaa jioni au Jumapili alasiri? Naombeni ushauri

SopranoMwoga (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho chuoni, nasomea muziki, fani yangu ni uimbaji. Ili nihitimu natakiwa kufanya onyesho la peke yangu la saa moja, mbele ya hadhira na jopo la walimu, na linatolewa alama. Ukumbi wa idara una nafasi mbili tu kwa upande wangu: Ijumaa saa moja jioni au Jumapili ya wiki hiyohiyo saa tisa alasiri. Mpiga kinanda wangu anapatikana siku zote mbili. Programu iko tayari, nyimbo kumi na nne kwa lugha nne. Kinachonitesa ni siku. Ijumaa watu wamechoka na vipindi, Jumapili wengi wanakuwa wametawanyika. Usingizi umepungua kabisa kwa ajili ya hili. Mliopitia, mlichaguaje?

NotiNyeusi
Ijumaa, bila kufikiri mara mbili. Kufika jioni sauti imeshaamka, umeongea siku nzima, na tumbo halina mlo mzito wa mchana. Saa tisa alasiri ni saa ya kusinzia, kwako na kwa hadhira. Halafu swali la pembeni: tafsiri za mashairi kwenye programu umeandika mwenyewe au umenakili mahali? Mashairi ya karne ya 19 ni huru, lakini tafsiri ya mtu aliye hai si huru. Mkataba wa Berne wa hakimiliki unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimefika 70. Watu husahau kwamba mtafsiri naye ni mwandishi.

UfunguoWaBesi
Mimi naona mnaanzia pabaya. Kabla ya siku, uliza fundi wa kutuni kinanda anakuja lini. Kinanda kikisukumwa kutoka chumba kimoja hadi kingine, kikakutana na joto la taa za jukwaani, kinaanza kuhama sauti. Fundi anatakiwa aje baada ya kinanda kukaa mahali pake, si kabla. Onyesho langu lilikuwa asubuhi, kinanda kilisogezwa asubuhi hiyohiyo. Katika wimbo wa pili noti moja ya katikati ilikuwa inalia kama mbili, nyuzi zake zimeachana, na ilikuwa ndiyo noti ninayoanzia. Hadi leo nikisikia wimbo ule masikio yanaitafuta. Kwa hiyo kama fundi anakuja Ijumaa asubuhi, chukua Ijumaa. Ukingoja Jumapili, kinanda kitakuwa kimeshapigwa na wengine.

Na ile saa moja isijazwe yote kwa nyimbo. Makofi, kuingia, kutoka, mapumziko, maji. Dakika 45 za muziki zinatosha.

MzeeMetronomu
Vijana mna bahati na hamjui. Zamani mtu kusimama peke yake jukwaani jioni nzima lilikuwa jambo la ajabu. Hadhira zilizoea kuona wasanii wengi kwa zamu: mwimbaji, kisha fidla, kisha bendi. Franz Liszt alipotangazwa London mwaka 1840 kwa onyesho la kinanda la aina hii, watu walishangaa hata jina la onyesho lenyewe. Leo ni fomu ya kujaza tu ofisini. Jumapili ni siku nzuri, wazee tunapata nafasi ya kuja.

Kinanda88
Dada, mimi kazi yangu ni kusindikiza waimbaji kwa kinanda. Mwisho wa muhula nabeba nyimbo za watu wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo niruhusu niulize mawili. Jopo, lile linalosikiliza programu kabla ya onyesho, limeshakupitisha? Na huyo mpiga kinanda, siku zote mbili amekubali kwa maandishi, au ulimuuliza kwenye korido akaitikia kwa kichwa?

SopranoMwoga
Asante Kinanda88. Jopo limeshanisikiliza, hilo limepita. Mpiga kinanda nitamthibitishia nikishajua siku. Turudi kwenye siku tafadhali, Ijumaa au Jumapili?

Kinanda88
Kusikilizwa si kupitishwa. Nauliza tena kwa upole: karatasi ya jopo imeandikwa nini?

KimyaKimya
Nimetandika mkeka hapa. Wajuzi endeleeni.

SopranoMwoga
Sawa. Karatasi imeandikwa hivi: "Wimbo wa tatu, ubeti wa pili, maneno yamepotea. Wimbo wa saba, vivyo hivyo. Arudi." Zote mbili ni za Kijerumani. Nilipopotea kwenye ule wa tatu mpiga kinanda aliendelea kupiga, akanitazama, akatamka neno la kwanza la mstari kwa midomo bila kutoa sauti. Nikalisoma, nikaingia. Ule wa saba hakuwahi kunitazama, ana mikono miwili iliyojaa pale. Nikaimba "la la" hadi mwisho wa ubeti.

Lakini sikilizeni. Nyimbo kumi na mbili zilipita bila neno. Siku ile nilikuwa natoka kwenye mtihani mwingine. Na Jumapili inanipa siku mbili zaidi kuliko Ijumaa, ndiyo maana nauliza. Mialiko ya Jumapili imeshatoka, wazazi wameshakata tiketi za safari. Nimefikiria niweke stendi ya noti jukwaani kwa hizo mbili tu, au nizitoe niweke mbili nilizoimba mwaka wa pili ambazo nazijua usingizini.

BibiKwaya
Mwanangu, kumbe ulikuja na jibu lako mfukoni! Unatuuliza Ijumaa au Jumapili na mialiko ya Jumapili iko mikononi mwa watu? Nimefundisha kwaya miaka mingi, na mwimbaji anayemficha mwalimu wake ndiye anayeanguka mbele za watu. Mwalimu wako anajua habari ya mialiko? Mama yako anajua habari ya karatasi?

SopranoMwoga
Shikamoo bibi. Mwalimu anajua karatasi, hajui mialiko. Nyumbani wanajua mialiko, hawajui karatasi. Sikuona sababu ya kuwatia hofu kwa beti mbili.

NotiNyeusi
Stendi usiiguse. Idara nyingi zinataka mwimbaji aimbe kwa kichwa, stendi huruhusiwa kwenye kazi za kikundi kidogo au zile zinazoimbwa na okestra. Na kubadilisha nyimbo baada ya kusikilizwa ni kuomba kusikilizwa upya, kwa sababu jopo hupitisha programu nzima, pamoja na mpangilio wake.

MzeeMetronomu
Habari ya kuimba kwa kichwa nayo ina historia. Clara Schumann alipopiga kinanda hadharani bila noti, karne hiyohiyo ya 19, wapo waliomwona ana majivuno, kana kwamba anamdharau mtunzi. Leo ukiweka noti ndiyo unaonekana hukujiandaa. Mambo hugeuka.

TenaWaNyuma
Wakuu, mbona hamshtuki? Hii ni chai. Posti ya kwanza programu "iko tayari", sasa nyimbo mbili hazijashika. Posti ya kwanza anachagua kati ya siku mbili, sasa moja imeshaalikiwa watu. Na kubwa kuliko yote: jopo halijampitisha, lakini ukumbi umempa nafasi mbili. Ukumbi gani wa chuo unaotoa tarehe kwa mtu asiye na sahihi? Hizi ni hadithi za kutafutia wachangiaji. Kesho atakuja na uzi wa fidla.

KimyaKimya
Eeh, hapo kwenye ukumbi hata mimi niliguna.

UfunguoWaBesi
Kwangu sahihi ilitangulia tarehe. Sisemi anadanganya, nasema kwangu haikuwa hivyo.

BibiKwaya
Hata kama ametunga, kuna binti mwingine leo yuko kwenye hali hii hii na anasoma kimya. Mwacheni.

SopranoMwoga
TenaWaNyuma, sina cha kukuthibitishia, siwezi kuweka karatasi yenye majina ya walimu hapa. Siku ziko mbili kwa sababu niliziomba zote mwanzoni mwa muhula, zikaandikwa kwa penseli.

MtunzaUkumbi
Naingilia kwa sababu hii ni kazi yangu, nasimamia ratiba ya kumbi za muziki chuoni. Alichosema kuhusu penseli ni kitu cha kila siku. Kwenye kalenda yangu kuna nafasi za kushikilia na nafasi zilizothibitishwa. Za kushikilia tunatoa mapema, kwa sababu tukingoja majopo yote yamalize, wiki za mwisho zitagongana. Kila mtu anataka wiki ileile. Inathibitishwa pale fomu inapofika na sahihi ya mwalimu na ya jopo. Isipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata, na mwenye mialiko anabaki na mialiko.

Sasa mdogo wangu, niambie. Kanuni ya idara yenu, jopo lipitishe muda gani kabla ya onyesho?

SopranoMwoga
Wiki mbili.

MtunzaUkumbi
Na Jumapili hiyo imebakiza chini ya wiki mbili.

SopranoMwoga
Ndiyo.

MtunzaUkumbi
Basi huna Ijumaa wala Jumapili, hata ukiziimba zote kikamilifu kesho asubuhi. Fanya hivi. Leo hii achia Ijumaa, kuna mwenzako anaisubiri na wewe hutaitumia. Jumapili usiiachie bado. Mwombe mwalimu iwe kipindi cha kawaida cha nyimbo, bila jopo wala alama. Wazazi wanakuja, wanakusikia, unaimba zile kumi na mbili. Kwa onyesho lenyewe omba nafasi ya saa sita na nusu mchana, katikati ya wiki, kabla ya wiki ya mitihani. Hizo ndizo zisizogombewa. Wiki ya mitihani usiiombe kabisa, ukumbi unakuwa wa majopo kutwa.

SopranoMwoga
Mchana katikati ya wiki nani atakuja? Nimesubiri siku hii miaka yote. Nilitaka mama akae safu ya mbele siku ya kuhitimu kwangu, si kwenye mazoezi.

BibiKwaya
Atakaa safu ya mbele Jumapili. Akiijua hali yote, atakaa vizuri zaidi.

Kinanda88
Mdogo wangu, naielewa hiyo. Nimekaa kinandani nikaona mtu anaingia jukwaani na nyimbo asizozimiliki, na hadhira imejaa ndugu. Hakuna aliyefurahi siku ile, na safu ya mbele ndiyo iliyoumia zaidi. Jopo ndilo linaloandika alama, nalo litakuja hata mchana.

Kuhusu hizo mbili: acha kuziimba kwa muda. Andika maneno kwa mkono, karatasi tupu, bila noti. Kisha yaseme kwa mapigo yake bila sauti ya wimbo, ukianza na ubeti wa mwisho ukirudi nyuma, kwa sababu mwanzo umeshausoma mara nyingi na mwisho umeutelekeza. Kila neno ujue maana yake, si maana ya mstari mzima tu. Anayepotea kwenye Kijerumani mara nyingi alikariri milio. Na jipime asubuhi kabla hujafungua kitabu. Ukiweza pale, utaweza jukwaani.

TenaWaNyuma
MtunzaUkumbi amenijibu la penseli, nalikubali. Mengine naendelea kuyatazama.

SopranoMwoga
Wakuu, mrejesho. Ijumaa nimeiachia. Nimemwandikia mwalimu kila kitu, pamoja na mialiko. Amejibu kwamba jopo litanisikiliza nyimbo hizo mbili tu, Jumanne saa mbili asubuhi, chumba cha mazoezi. Jumapili amekubali bila alama, ila kwenye programu lisiandikwe neno "kuhitimu". Saa sita na nusu mchana nimeiomba, nangoja jibu la ofisi. Nyumbani nitapiga simu usiku, baba akishatoka kazini.

UfunguoWaBesi
Safi. Uliza na fundi wa kinanda anakuja lini kwa hiyo siku ya mchana.

Kinanda88
Na mpiga kinanda wako? Kuna Jumanne asubuhi, kuna Jumapili, kuna siku mpya ya mchana. Anajua hata moja?

SopranoMwoga
Bado. Nilidhani nisubiri ofisi ijibu kwanza.

Kinanda88
Usisubiri. Mchana katikati ya wiki huenda ana vipindi au ana mwimbaji mwingine. Mpigie sasa, kabla ya ofisi kujibu, umuulize zipi anaweza. Halafu umtumie ujumbe wenye siku, saa na chumba kwa zote tatu, akujibu kwa maandishi.

MtunzaUkumbi
Na fomu yetu ina mahali pa sahihi yake. Bila hiyo siithibitishi.