Eksirei ya kifua kusomwa na akili mnemba, mnakubali?

Mwana wa Mbagala: Wakuu habari za leo. Jana nimempeleka baba kupima kifua, anakohoa wiki ya tatu hii. Kapigwa picha, hajamaliza kufunga vifungo vya shati kompyuta ishatoa jibu, alama 71 kati ya 100, na pafu la kulia kwa juu limepakwa wekundu. Nauliza daktari yuko wapi, kijana wa mashine ananiambia siku hizi inasoma hii. Mzee kaniangalia tu. Hivi ni sawa mzee wa miaka 68 asomewe pafu na programu?

Bibie Tabata: Sawa kabisa, shida iko wapi? WHO wenyewe walishapendekeza tangu 2021 programu hizi zitumike kuchuja TB kwa wenye miaka 15 kwenda juu. Madaktari wa kusoma picha nchi hii wako wangapi? Wengi wako mijini, sasa mtu wa kijijini asubiri mpaka lini. Afadhali mashine kuliko manesi wa siku hizi, ukimuuliza kitu hata hainui kichwa, yuko kwenye simu.

Nesi wa Zamu: Bibie mambo ya mashine nakuachia, ila hilo la simu umenigusa pabaya. Juzi usiku wodi nzima tuko wawili, umeme ukakatika, simu hiyohiyo nimeing'ata mdomoni inimulikie natafuta mshipa wa mtoto. Aliyepita mlangoni wakati ule si ajabu alisema nachati. Chaji yangu, simu yangu, na mtoto mshipa ulipatikana.

Bibie Tabata: Pole dada, lakini usinifundishe. Mama yangu alikaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana na dripu imeisha damu inarudi kwenye mpira, nilipoita nikaambiwa subiri. Siwezi kusahau ile damu.

Nesi wa Zamu: Na mimi nisingesahau. Ila hukumsema yule aliyekwambia subiri peke yake, umetutukana wote.

Kamau wa Kayole: Nyinyi watu mmetoka kwa mada. Huku Nairobi kliniki za Penda zilijaribu akili mnemba ya kumsaidia tabibu, pamoja na OpenAI, wale wa ChatGPT, mahudhurio ya wagonjwa karibu 40,000, kliniki 15. Tabibu anaandika kwa kompyuta kama kawaida, na taa inawaka, kijani yuko sawa, manjano aangalie tena, nyekundu kuna kosa kubwa. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua 16%, ya matibabu 13%. Lakini mwanzoni wengi walikuwa wanaruka tu ile nyekundu, mpaka wakafuatiliwa mmoja mmoja. So mashine peke yake haifanyi kitu.

Bibie Tabata: Si ndio nasema! Taa nyekundu inawaka mbele ya macho na bado mtu anaruka.

Nesi wa Zamu: Wewe ukiwa na foleni ya watu 60 na kila dakika taa inawaka utaifanyaje? Kamau malizia basi, hao wagonjwa walipona zaidi?

Kamau wa Kayole: Hapo hawakuona tofauti ya maana. Lakini makosa kupungua si kitu kidogo dada yangu.

Babu Morogoro: Nyie mnagombana mtoto wa watu kauliza swali. Kijana, hiyo 71 sio ugonjwa. Ni alama ya kusema huyu apimwe zaidi, na mstari wa kukatia wanaupanga watu, sio mashine. Jibu liko kwenye makohozi, wakiyaweka kwenye GeneXpert, ile mashine ya kutafuta vijidudu vya TB, ni kama masaa mawili. Baba amewahi kuugua TB? Maana makovu ya zamani yanaichanganya sana ile programu.

Mwana wa Mbagala: Babu asante, wewe ndio umeuliza. Aliugua 1994, alichoma sindano miezi miwili. Pale jana hakuna aliyemuuliza, mashine wala mtu, na yeye mzee wangu asipoulizwa hasemi. Wamempa kikopo tu, kesho tunarudisha.

Bibie Tabata: Hapo hata mimi nakasirika. Hilo swali moja tu jamani.

Nesi wa Zamu: Mkuu, atoe ya asubuhi akiamka, asukutue kwa maji kwanza. Avute pumzi ndefu mara mbili tatu halafu akohoe kutoka chini, yasiwe mate. Akoholee nje, sio chumbani kwa wajukuu. Na ukifika mwambie anayepokea kikopo habari ya 1994 kabla hujakaa, na aiandike ukimuona. Bibie, mama anaendeleaje?

Bibie Tabata: Alifariki mwezi wa nne.

Nesi wa Zamu: Pole sana mdogo wangu.