Mrejesho: ukuta wangu kando ya ziwa, Bukavu

Wandugu, niliuliza kama naweza kujenga ukuta mpaka majini kwenye lupango (kiwanja) langu la mtaa wa Nguba, na kuifunga njia ya wamama wanaoteka maji. Jibu ni hapana.

Nilienda kadasta, ofisi ya kupima viwanja, na karatasi zangu. Papa wa pale alicheka kidogo. Sheria ya Kongo ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia tu. Na kando ya ziwa huachwa mita 10, kuanzia pale maji yanapofika yakijaa kabisa. Hapo ndipo nilipokosea: nilipima wakati wa kiangazi! Mwezi wa nne ziwa Kivu linapanda juu ya mawe.

Tukapima upya. Msingi niliokwisha kuuanza ulikuwa umeingia ndani ya hizo mita 10, kwa mita tatu na zaidi. Fundi ameufukia, saruji imekwenda bure (mke wangu bado hanisemeshi vizuri). Aliyeniuzia aliapa kwamba mpaka ni maji. Sasa simu yake haipatikani.

Ukuta nitauanzia juu, kwenye miparachichi. Chini nitapanda matete yashike udongo. Jana mama mmoja alipita na bido (madumu) zake za maji, akaniuliza kama nimemaliza kufukia.