Dawa ya kupulizia ya mchaichai na karafuu: je, inazuia kupe na mbu?

MamaWawili_Goba:
Habari zenu wanajukwaa. Naishi Goba, jirani na bonde lenye nyasi ndefu, pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mwaka mmoja na nusu, mbwa mmoja na paka mmoja. Tangu masika yaanze mbu wamezidi hata mchana, na juma lililopita nilimkuta mwanangu mkubwa ana kupe nyuma ya goti. Kwa kuwa sipendi kuwapaka watoto dawa za kemikali kila siku, nilikwenda Kariakoo nikanunua mafuta ya mchaichai, ya karafuu na ya mkaratusi, nikatia matone kadhaa ya kila aina katika chupa ya kupulizia iliyojaa maji, nikawa nampulizia kila mmoja pale nyumbani, mbwa akiwemo. Nyumba inanukia vizuri, lakini baada ya muda mfupi mbu wanarudi, na mbwa bado ana kupe masikioni na katikati ya vidole. Naomba kuelimishwa: nimekosea vipimo, au mafuta haya hayafai? Na je, ni salama kwa mtoto mdogo na kwa paka?

Shangazi_Mtoni:
Mwanangu, mchaichai unafaa, usiutupe. Mimi huuchanganya na mafuta ya nazi nikajipaka miguuni ninapokaa barazani baada ya sala ya magharibi, na mbu hawanisogelei. Ila ikifika isha harufu imekwisha na ni lazima nipake tena. Huo ndio muda wake, si zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwekee chandarua na umvalishe nguo za mikono mirefu, usimpulizie usoni wala mikononi, maana mkono wa mtoto hauishi kwenda mdomoni na machoni.

Mfamasia_Ilala:
Dada, kosa la kwanza ni maji. Mafuta hayayeyuki katika maji, kwa hiyo mara unapulizia maji matupu, mara unapulizia mafuta makali yasiyochujuka, na hayo ndiyo yanayochoma ngozi. Chukua mililita 100 za mafuta ya nazi, uongeze mililita 2 tu za mafuta ya kunukia kwa jumla yake, yaani asilimia mbili. Na katika hizo mbili, karafuu isizidi nusu mililita kwa sababu eujenoli iliyomo humo huwasha sana. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na usubiri siku nzima. Mafuta ya maganda ya limau au ndimu usiyatumie kabisa ukiwa unatoka nje, kwani jua likiyapiga ngozini huweza kuacha majeraha ya kuungua.

Kuhusu mkaratusi, kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Dawa ya mkaratusi wa limau inayokubaliwa na wataalamu wa afya wa Marekani ni ile iliyosindikwa ili kuongeza kiambato kiitwacho PMD, na si mafuta ya kawaida ya mkaratusi yanayouzwa katika vichupa. Tena hata hiyo haipakwi mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kwa mwanao mdogo, deeti (dawa ya dukani ya kupaka ya kufukuza mbu) ya kiwango cha chini, ambayo madaktari wa watoto wa nchi hiyo wanairuhusu kuanzia miezi miwili, imechunguzwa kwa undani kuliko mchanganyiko wowote wa nyumbani. Nayasema haya nikijua kwamba neno kemikali linatisha, lakini eujenoli nayo ni kemikali, na kutoka kwenye mti hakuifanyi kuwa laini. Deeti ya asilimia 10 hudumu takriban saa mbili, ya asilimia 30 takriban saa tano. Mbu wanaokuuma mchana huenda ni wale wenye madoa meupe wanaoeneza dengue, na sisi wa Dar es Salaam tuliopitia milipuko ya 2014 na 2019 hatuna sababu ya kuwachukulia kirahisi. Mwaga maji yaliyotuama kwenye matairi, ndoo na visahani vya maua.

DaktariWaMifugo_Kigamboni:
Naomba kuanza na paka, kwa kuwa hilo haliwezi kusubiri. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja viambato vya aina ya eujenoli, na paka hujilamba mwili mzima, hivyo kinachoangukia manyoya yake kinaishia tumboni. Acha kabisa kumpulizia, na usipulizie anapolala. Akianza kudondosha mate, kutetemeka au kuyumba, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Vilevile usimpake paka dawa ya mbwa yenye pemetrini, inaweza kumuua.

Sasa kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai kwenye mbwa muda wote, na hapo ndipo juhudi nyingi hupotea. Hutoka yai likawa lava mwenye miguu sita, kisha tunutu, yaani kupe mchanga, kisha kupe mzima mwenye miguu minane, na katika kila hatua hunyonya damu, akashiba, akadondoka na kujificha kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya ubao wa kitanda au chini ya banda. Jike mmoja hutaga mayai yanayoweza kufikia 4,000 kwa mara moja. Ukimpulizia mbwa mchaichai leo, unawafukuza wachache kwa saa moja huku maelfu wakisubiri ukutani. Kwa hiyo mbwa apate dawa halisi ya kupe, ama ya kudondoshea mgongoni, ama ya kumeza, ama kola, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Na banda lisafishwe, nyufa zizibwe, nyasi za bondeni zikatwe karibu na uzio. Mbwa wako akikosa hamu ya kula, akapungua uzito au akatoka damu puani, mlete achunguzwe, kwani kupe hawa hueneza babesia na erlikia, magonjwa ya damu ya mbwa.

MamaWawili_Goba:
Nimeshtuka kuhusu paka. Nimemwosha kwa sabuni laini na anakula vizuri. Mbwa amepewa dawa leo. Je, kwa mwanangu aliyeng'atwa, nifanye nini zaidi?

DaktariWaMifugo_Kigamboni:
Mama, mimi ni wa mifugo, lakini la kwanza ni kukumbuka namna ya kumtoa: mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, umvute moja kwa moja bila kumpindisha, bila mafuta ya taa wala njiti ya moto. Akipata homa, kichwa kuuma, au kidonda cheusi palipong'atwa katika majuma mawili yajayo, mpelekeni kituo cha afya na mseme wazi kwamba aling'atwa na kupe, kwa sababu kipimo cha malaria peke yake hakitaionyesha homa hiyo.