Wakala wa bima: daftari, Excel, kalenda ya simu au CRM, kipi kinafanya usimsahau mteja?

Bimani
Wakuu habari zenu. Nauza bima za magari, za moto na za maisha kidogo, na wateja sasa wameongezeka mpaka kichwa peke yake hakitoshi. Naomba tulinganishe kwa wale mnaofanya hii kazi kila siku: daftari, Excel, kalenda ya simu na hizi CRM (programu za kutunza taarifa na mazungumzo ya wateja) zinazotangazwa kila kona. Sitafuti ipi inasifiwa zaidi, nataka ile inayoniambia asubuhi nimpigie nani, bima ya nani inakaribia kuisha, na nani niliyemuahidi kotesheni, yaani makadirio ya bei ya bima. Niko peke yangu, sina msaidizi, mchana niko njiani kwa wateja na laptopu naishika jioni tu.

Mzee_wa_Faili
Karibu kijana. Mimi ni mtu wa karatasi na nasimama hapo hapo. Daftari la kawaida tatizo lake ni moja, linapanga watu kwa jinsi walivyoingia, mteja wa leo anakaa chini ya yule wa jana, wakati bima inaisha kwa tarehe yake na haijali ulimwandika lini. Kwa hiyo usitumie daftari, tumia kadi na mafaili 43. Mafaili 12 ni ya miezi na 31 ni ya siku. Kila mteja ana kadi yake: jina, namba ya simu, namba ya polisi (yaani mkataba wa bima), thamani iliyokatiwa bima, tarehe ya kuisha. Bima inayoisha Septemba kadi yake inakaa faili la Julai, maana ukianza kumtafuta mtu bima imebakiza siku tatu huyo ameshapigiwa na wenzako. Mwezi ukianza unatoa kadi zote za mwezi huo unazigawa kwenye mafaili ya siku. Asubuhi unafungua faili la leo, kilichomo ndiyo kazi yako. Ukishaongea naye unaandika mmekubaliana nini, halafu kadi unaipeleka kwenye siku ya hatua inayofuata, hata kama hatua yenyewe ni kumkumbusha tu akutumie kopi ya kadi ya gari. Jioni kadi ikiwa bado mezani, kuna mtu hujamhudumia, na unaiona kwa macho bila kufungua kitu chochote.

dada_kotesheni
Shikamoo mzee. Utaratibu wako naukubali sana kwa mwenye ofisi na meza yake, ila huyu ndugu yuko njiani, mteja anapiga anauliza bima yangu inaisha lini na kadi ziko ofisini, itabidi amwambie subiri mpaka jioni na wateja wengi hawasubiri.

Bimani mimi natumia Google Sheets, ni kama Excel tu ila ileile iko kwenye simu na kwenye laptopu. Mstari mmoja ni polisi moja, SIO mteja mmoja, hapo shika sana kwa sababu mtu mwenye gari mbili na nyumba ana tarehe tatu tofauti, ukimweka mstari mmoja mbili zitapotea. Kolamu A jina, B tarehe ya kuanza, C tarehe ya kuisha, D siku zilizobaki, halafu hatua inayofuata na tarehe ya hiyo hatua. Ya kuisha usiandike kwa mkono, weka =EDATE(B2,12)-1, kwa sababu bima ya mwaka iliyoanza tarehe 1 Machi 2025 kwa kawaida inaisha 28 Februari 2026, na wengi wanaandika 1 Machi, mtu anabaki siku nzima barabarani hana bima na wewe unaona bado ipo. Ikikuletea namba kama 46081 usishtuke, hiyo ni tarehe, badilisha fomati tu. Kwenye D weka =C2-TODAY() halafu panga kuanzia ndogo kwenda kubwa. Nimeiwekea rangi, chini ya 60 njano, chini ya 30 chungwa, chini ya 7 nyekundu. Asubuhi nafungua natazama juu tu.

Halafu kitu kimoja kidogo kinachoharibu masheet ya watu wengi: ukiandika tarehe ikakaa upande wa kushoto wa kisanduku, programu imeiona kama maneno, hesabu haitafanyika. Tarehe sahihi inakaa kulia. Na angalia kwenye setingi nchi uliyoweka, maana kwa mpangilio wa Marekani 03/04 ni tarehe 4 Machi wakati wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili, hapo mteja anaruka mwezi mzima na rangi haitakuonya.

Mzee_wa_Faili
Marahaba binti. Hiyo ya polisi moja mstari mmoja hata kwenye kadi ni hivyo hivyo, kadi moja kwa polisi moja.

tageti_juu
Sheet ni nzuri kwa kurinyu, yaani kukata upya bima inayoisha, hapo sibishani, kwa sababu kurinyu ni tarehe na sheet inajua tarehe. Shida inakuja kwa wateja wapya. Mteja mpya ana mazungumzo marefu, wa kwanza alisema nipigie mwisho wa mwezi, wa pili anataka kotesheni ya kampuni mbili alinganishe, mwingine mke wake ndiye anaamua, sasa haya yote utayaweka kwenye kisanduku kimoja cha Excel? Ndani ya muda mfupi kisanduku kinajaa hadi husomi. CRM inakuwekea historia ya kila mtu kwa mpangilio, ulimpigia lini, alijibu nini, ulimtumia nini, na inakuonyesha wamesimama hatua gani: nimeongea naye, nimetuma kotesheni, anafikiria, amelipa. Ukitazama hizo hatua unaona kitu ambacho sheet haikuonyeshi, kwamba watu wako wengi wamekwama kwenye "nimetuma kotesheni", maana yake unatuma halafu hupigi. HubSpot ina ya bure, Zoho nayo ina ya bure kwa watumiaji mpaka watatu, kwa mtu aliye peke yake inatosha kabisa kuanzia.

kimya_kimya
tageti_juu unaongea kweli kuhusu historia lakini hukumwambia gharama yake. CRM inakula muda wa kujaza. Umetoka kwa mteja, jua kali, unaenda kwa mwingine, nani atasimama ajaze visanduku kumi na kitu? Mawakala wengi wanaanza na moto, baada ya wiki kadhaa nusu ya wateja hawamo, na mfumo wenye nusu ya wateja ni hatari kuliko kutokuwa na mfumo kwa sababu unauamini. Ukitaka CRM, futa visanduku vyote ubaki na jina, simu, hatua inayofuata na tarehe. Na ukitoka tu kwa mteja jirekodi kwa sauti kwenye simu, jioni ndiyo unahamisha.

Mimi nipo kwenye kalenda ya simu pamoja na WhatsApp Business. Wateja wangu wote wako huko, kotesheni natuma huko, picha za gari wananitumia huko. Ina lebo, unaweza kuweka hadi 20, nina lebo ya kotesheni, ya anasubiri klemu (madai ya fidia), ya amelipa nusu, na kadhalika. Ahadi yoyote ninayoitoa kwa mdomo naigeuza kuwa tukio la kalenda hapo hapo mbele ya mteja, naye anaona.

dada_kotesheni
Ila kimya_kimya lebo haina tarehe. Inakwambia huyu ni wa klemu, haikwambii klemu imekaa muda gani bila aseseta (mkaguzi wa hasara) kwenda kuangalia gari.

kimya_kimya
Kweli dada, ndiyo maana nikasema pamoja na kalenda. Lebo peke yake haitoshi.

nyota_ya_maisha
Wote mnaongelea bima ya mwaka mmoja. Ndugu kasema ana za maisha kidogo na huko mambo ni mengine kabisa. Bima ya maisha haina ile tarehe ya kurinyu ya kila mwaka mnayoifukuzia, hatari yake ni mteja kuacha kulipa premiamu (ada ya bima) kimyakimya. Kampuni nyingi zinampa muda wa nyongeza, mara nyingi siku 30 au mwezi, baada ya hapo polisi inalapsi, yaani inakufa. Ikishalapsi kuirudisha ni kazi, anaweza kutakiwa kujaza upya fomu ya afya, na kama katikati amepata sukari au presha hapo ndipo utaona mtu amelipa miaka na familia haina kitu. Na wewe wakala, ikilapsi mapema komisheni uliyokula kampuni nyingi zinakudai uirudishe.

Kwa hiyo sheet ya dada_kotesheni haitakusaidia hapo ukiiacha ilivyo, kwa sababu siku zilizobaki zitakuonyesha miaka 14 na kila kitu kinaonekana shwari. Tengeneza ukurasa mwingine, kolamu ni tarehe ya kulipa, amelipa au bado, na siku ya mwisho ya nyongeza. Omba ofisini ile ripoti ya ambao hawajalipa, ukiipata usiiache mpaka kesho, piga siku hiyo hiyo. Mteja wa mwaka wa kwanza mimi nampigia hata kabla ya tarehe ya kulipa, maana wengi wanaoacha wanaacha mapema, bado hawajazoea.

Bimani
Nyota asante sana, hilo sikulitegemea na ndilo lilinikaa zaidi. Swali mbili. Moja, nikitumia mfumo wa kampuni, siku nikihama wateja wangu wanabaki kule? Mbili, hata nikiwa na orodha nzuri, muda wa kupiga hizo simu unatoka wapi, maana mimi nikishika simu asubuhi zinaingia meseji za klemu mpaka saa sita.

tageti_juu
La kwanza, soma mkataba wako wa uwakala kabla ya yote, sehemu nyingi wateja wanahesabiwa ni wa kampuni na ukichukua orodha ukahama nayo ni kesi. Kama mkataba unakuruhusu kuwa na ya kwako, chagua kitu kinachokubali kutoa data kama faili la CSV (jedwali la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel), na utoe kopi kila mwezi. Na simu iwe na nywila, fomu za afya za watu zisikae kwenye galari pamoja na picha za harusi. Nchi nyingi sasa zina sheria za taarifa binafsi, Ulaya sheria yao ya GDPR inafanya kazi tangu Mei 2018, na taarifa za afya zinalindwa zaidi ya nyingine.

dada_kotesheni
La pili najibu mimi. Orodha iandae jioni ya jana, usiiandae asubuhi, asubuhi ukianza kupanga utaishia kusoma meseji. Dakika 90 za kwanza ni za kupiga tu, kurinyu kwanza kwa sababu hao wanakujua na wanajibu haraka, halafu wapya. Meseji za klemu zifungue baada ya hapo, isipokuwa mtu amepata ajali sasa hivi na yuko barabarani, huyo anapokelewa muda wowote. Kotesheni zote zikusanye uzifanye kwa pamoja mchana au jioni, ukitengeneza moja moja kila mtu anapoomba unafungua na kufunga mifumo ya kampuni siku nzima. Kama kukaa kwenye simu kunakuchosha jaribu ile mbinu ya Pomodoro ya Francesco Cirillo, dakika 25 unapiga, 5 unapumzika, na hizo 25 usishike kitu kingine.

Mzee_wa_Faili
Na Ijumaa jioni pitia wote, hata wale ambao tarehe zao ziko mbali.

Bimani
Basi naanza hivi: sheet ya polisi kwa za mwaka, ukurasa wa pili wa za maisha kama Nyota alivyosema, kalenda ya simu kwa ahadi za mdomo. CRM naiweka pembeni mpaka wateja wapya wawe wengi. Sheet naijenga leo usiku, ila sijaelewa anayelipa kwa awamu anakaa wapi, bima yake ni ya mwaka lakini analipa mara tatu.

dada_kotesheni
Huyo anakaa kwenye sheet ya mwaka kwa tarehe ya kuisha, na kila awamu anapata mstari kwenye ukurasa wa malipo, ule ule wa kina Nyota. Mistari mitatu, tarehe tatu. Usimweke rangi ya kijani mpaka ya tatu iingie. Ukimaliza tupia hapa majina ya kolamu zako, bila majina ya wateja, tuziangalie.