Windows na Linux kwa pamoja kwenye RAM ya GB 8: VirtualBox, WSL 2 au KVM?

BintiKilombero: Wakuu, habari za leo. Niko Arusha, nasoma mambo ya seva huku nikishika hesabu za duka la mama, vifaa vya ujenzi, Soko la Kilombero. Hesabu ziko kwenye Tally, inayotaka Windows. Masomo yanataka Linux. Laptopu ni Core i5 kizazi cha 6, diski ya SSD. Nimeshauriwa nigawe diski, kila mfumo upande wake na kuwasha mmoja kwa wakati, lakini mteja akija kuulizia deni lake siwezi kumwambia asubiri nizime niwashe. Nataka mifumo yote miwili iwe inafanya kazi wakati mmoja.

FundiNgarenaro: Dada, kugawa diski achana nako. Kwanza ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka) uwashe VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine; laptopu nyingi za mtumba huja ikiwa imezimwa. Usiipuuze hii. Zamani programu ililazimika kuzipekua amri nyeti za mfumo mgeni, yaani ule unaoendeshwa ndani ya mwingine, na kuzitafsiri, na kasi ikashuka. Intel wakaleta VT-x 2005, AMD wakafuata na AMD-V 2006. Sasa mgeni anatumia prosesa moja kwa moja, akigusa jambo nyeti prosesa yenyewe inamsimamisha na kumrudisha kwa msimamizi, yaani programu inayomwendesha. VirtualBox, programu ya kuunda mashine ya kufikirika ndani ya Windows, kuanzia toleo la 6.1 haiendeshi mashine bila hiyo. Weka humo Ubuntu Server, Linux ya seva isiyo na madirisha, itengee GB 2 za RAM.

MtuWaSoweto: Mimi niko Moshi, natumia WSL 2, njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Haishiki RAM yote mapema, inaongeza kadiri kazi inavyodai, na inakubali hata Windows Home. Hyper-V kamili, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine za namna hii, inataka Windows Pro.

FundiNgarenaro: Kwa kuandika programu sikupingi, mkuu. Ila anayesoma seva anahitaji kuunganisha mashine mbili, kuharibu mipangilio, kisha kurudisha hali ya jana. Hapo VirtualBox inamfaa zaidi. Na asiziweke zote mbili: WSL 2 huwasha injini ya Hyper-V, VirtualBox ikilazimika kupita juu yake inakuwa nzito. Utaona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mashine.

KijanaWaSakina: KVM, ya kuendesha mifumo migeni juu ya Linux, naipenda kuliko zote, imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007. Lakini hapo Linux ndiyo itakuwa mwenyeji na Tally mgeni. Kwa GB 8, na hesabu za mama ndizo zinazolisha nyumba, simshauri.

BintiKilombero: Asanteni sana. Nimebonyeza Ctrl+Shift+Esc, nikafungua Performance, mstari wa Virtualization unasema Disabled, yaani VT-x imezimwa. Nachukua VirtualBox. Je, umeme ukikatika? Betri imechoka.

FundiNgarenaro: Diski ya mgeni ni faili kubwa ndani ya Windows, ikizimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibika. Umeme ukiyumba funga dirisha la mashine, chagua kuhifadhi hali. Ukirudi inaendelea ilipoishia. Data ya Tally iweke nakala kwenye flashi leo, kabla hujagusa BIOS.