Nisubiri zaidi au niondoke? Naomba ushauri, wapendwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niko hapa Malindi, mtaa wa Maweni. Nilimaliza diploma ya ualimu mwaka 2017 na hadi leo sijaajiriwa. Asubuhi napika mahamri na mbaazi, ndiyo yanayotulisha mimi na mwanangu wa miaka minne. Usaili nimekwenda mara tatu. Juzi nilifungua faili la vyeti, nikakuta kibanio kimeshika kutu kwa hii hewa ya bahari, kimeacha alama kwenye karatasi. Nililia, sifichi.

Nimefunga, nimeombewa, mchungaji ananiambia ningoje wakati wa Bwana. Sasa binamu yangu amenipatia wakala wa kazi za nyumbani Saudia, naye anataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Mama yuko tayari kubaki na mtoto.

Kinachonisumbua ni Ibrahimu. Alitoka Harani akiwa na miaka 75, Isaka, mtoto aliyeahidiwa na Mungu, akazaliwa yeye akiwa na 100. Hapo katikati ndipo yeye na mkewe Sara walipochoka kungoja wakamwingiza Hajiri, mjakazi wao, awazalie mtoto, na nyumba ikaingia machozi. Lakini Ruthu naye hakukaa akingoja. Alitoka kwenda kuokota masazo shambani, na huko ndiko Mungu alikomkutanisha na Boazi, aliyekuja kumwoa.

Mliowahi kungoja muda mrefu, mlitambuaje kwamba huu ni mlango wa Mungu na si haraka yenu wenyewe? Na aliyewahi kumwacha mtoto mdogo akaenda Uarabuni, moyo wake ulitulia? Nisaidieni, na mniombee.